Natumika na Mzee Bernard

Simu iliyosukumwa katika sehemu ya wiki iliyopita mpaka puani mwa Kirezi bado iko palepale, msomaji wangu, mkononi mwa Careen.

"Soma," alisema Careen.

Kirezi alitazama. Aliiona sura ya Merveille, ile waliyoimulika siku ya kupiga filamu kwa taa iliyofungwa kwenye stendi ya dripu. Aliuona mkono wa Merveille umeshika kijiko cha uji. Chini ya picha ukapita mstari mweupe wa Kiingereza, ukapita mbio kuliko macho ya mtu aliyeishia darasa la saba.

"Sijui kusoma haraka hivyo, dada."

"Basi nitakusomea mimi." Careen akavuta pumzi. "Imeandikwa hivi: 'Mzee Bernard ananitumia. Ni miaka miwili sasa.' Ni baba yangu huyo. Mtu wa kiharusi, mtu anayevalishwa soksi. Na watu elfu arobaini wameshaona."

Nyuma yake, kwenye zulia la korido, ghorofa ya tatu, pale Hopkins, Minnesota, Merveille alikuwa amesimama na soksi tu miguuni. Kando yake kulikuwa na mifuko miwili myeusi ya takataka imejaa nguo zake. Hakulia. Alikuwa anatazama mlango uliofungwa kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

"Dada Merveille," Kirezi akamwambia, "sema tena ulichosema siku ile mbele ya kamera."

"Nilisema natumika na Muzee Bernard. Ni bongo, nadanganya? Natumika na ye. Myaka mbili natumika na ye muzuri, hatujagombana hata siku moja."

Careen akafumba macho. "Umemsikia? Anarudia tena, mchana kweupe."

Hapo ndipo Kirezi alipoelewa. 

Yeye alizaliwa Uvira, Kongo, akalelewa kambini Kigoma, kwa hiyo masikio yake yana Viswahili viwili. Careen alizaliwa huku huku Minnesota, akajifunza Kiswahili kwa baba yake, mtu wa Machame aliyekuja kusomea uhandisi akasahau kurudi. Alikuwa nacho kimoja tu, tena cha mezani na cha kanisani.

"Dada Careen, nisikilize. Kwetu kutumika ni kufanya kazi. Mtu wa Uvira akikuuliza unatumika wapi, anauliza umeajiriwa wapi. Anaposema natumika na Mzee, anasema nafanya kazi kwa Mzee. Basi. Hakuna lingine."

Careen alimtazama. Akamtazama Merveille. Akauliza polepole kama anayekanyaga barafu, "Kwa hiyo hakuna kilichotokea?"

"Kilichotokea ni uji."

Careen akateleza na ukuta mpaka akakaa chini na koti lake zuri la kazini. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Merveille akatabasamu. Akainama kuchukua mfuko wake ili aurudishe ndani.

"Usiuchukue," Careen akasema. "Nimeshapiga simu."

Alikuwa amepiga jana. Aliipigia ajensi iliyomleta Merveille, na ajensi kwa sheria lazima iripoti kwa kaunti, yaani serikali ya mtaa. Leo alfajiri, akihofia baba yake atachukuliwa, aliwapigia tena kuomba wangoje kidogo, wakamjibu kwa upole kwamba ripoti ikishaingia haitoki mpaka mpelelezi aifunge mwenyewe.

"Anakuja saa nne. Akifunga faili leo, Merveille anabaki na Baba. Asipofunga, gari linakuja saa tisa kumpeleka Baba kwenye nyumba ya wazee, Eden Prairie."

"Na huyu je?"

Careen akaitazama mifuko miwili. Kitanda pekee cha Merveille katika nchi hii kilikuwa ndani ya mlango ule, futi tatu kutoka kitanda cha Mzee.

"Muzee hakuli na mukono ya mutu mwingine," Merveille alisema. "Banajua ile?"

*

Kama ndiyo kwanza unatufikia, elewa hili moja. Filamu yenyewe inaitwa Vitanda vya Kuazima. Ni ya watu wanaolala pasipo pao: wanaolala ndani ya magari kwenye maegesho, wanaolala sebuleni kwa binamu wa binamu, wanaolala chini ya vitanda vya wagonjwa wanaowatunza. Anayeitengeneza ni Njeri, binti wa Thika, Kenya, siku zake za mapumziko tu. Kirezi ndiye mshika maiki. Maiki imefungwa kwenye mpini wa mopu, na hedifoni zina sikio moja zima na moja bovu.

Kirezi akampigia Njeri. Alimkuta kazini, kwenye ghala la mji wa Shakopee, wakati wa mapumziko ya dakika kumi na tano.

"Sema mbio, mrembo wa sauti, chai yangu inapoa."

Kirezi alisema mbio. Upande wa pili kikombe kikawekwa chini.

"Hiyo kionjo ya filamu nimeifuta mtandaoni jana," Njeri akasema. "Lakini watu washai-save, wanaizungusha WhatsApp. Sasa mimi nifanye nini? Niwanyang'anye watu simu?"

"Sema kwamba ni makosa. Andika."

"Nitaandika. Lakini wacha nikuambie ukweli, usinichukie. Hiyo line ndiyo ilituingiza kwa ile festival ya filamu ya Jumamosi. Walinipigia wakasema hiyo sentensi moja iliwakata maini."

"Si sentensi yake, Njeri."

"Mimi ni Mkikuyu wa Thika. Mtu akisema anatumika na mzee, mimi nasikia anatumika na mzee. Si ungeniambia?"

"Hukunionyesha."

"Nilikuonyesha. Ulikaa hapo kando yangu, ukatazama mpaka mwisho, ukasema ni sawa."

Kirezi akakumbuka. Ni kweli alikaa. Alivaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza kama sauti ya friji imeingia au haikuingia. Haikuingia. Akasema ni sawa.

"Basi tuma ile nzima," aliomba. "Baada ya maneno yale aliendelea. Alisema namulisha, namuvalisha, ndiyo kazi yangu. Nilisikia kwa masikio yangu. Ukituma ile, mpelelezi ataona."

"Ile nzima haiko."

"Haiko vipi?"

"Kadi ya kamera ilikuwa moja, Kirezi, na wewe unajua. Nilikata zile sekunde nilizotaka, nikafuta, tukaenda ku-shoot wale wa maegesho. Juu ya Merveille sasa kuna jamaa analala kwa Toyota."

 Huko ghalani kengele ikalia.

"Mpigie Griffins," Njeri akasema haraka. "Ndiye aliandika hiyo Kiingereza. Aandike barua, aseme amekosea."

"Nimempigia mara nne. Hashiki."

"Akiwa kazini huwa anazima. Siku nzima ati yuko kwa laini anaongea na watu asiowajua. Hata sijui ni kazi gani hiyo. Nimeitwa, naenda. Shikilia hapo."

Ashikilie nini, hakumwambia.

*

Mpelelezi wa kaunti alifika saa nne kasoro dakika mbili. Alikuwa mama mrefu wa nywele za mvi. Alivua buti zake mlangoni bila kuambiwa, akazipanga vizuri kando ya viatu vya Mzee. Merveille alimpenda papo hapo.

"Mtu anavua kiatu," alimnong'oneza Kirezi, "huyu ataelewa."

Kirezi akajitokeza na Kiingereza chake cha kazini. Akasema yeye anajua Kiswahili cha Merveille, anaweza kutafsiri, tena bure.

Mama wa kaunti akamshukuru. Kisha akasema haiwezekani. Rafiki hatafsiri, na binti wa mzee hatafsiri. Kuna wakalimani wa simu walioapishwa. Akaiweka simu yake katikati ya meza, kati ya kopo la uji na miwani ya Mzee, akabonyeza, akangoja.

Sauti ya mwanamume ikatoka. Ikataja namba ya mkalimani, tarakimu sita, bila jina. Ikasema kila kitakachosemwa kitatafsiriwa kama kilivyo.

Walianza na Mzee Bernard. Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, sweta limefungwa vifungo vyote. Kiharusi kilimnyang'anya Kiingereza chote cha miaka arobaini, hesabu za madaraja na kila kitu. Katika Kiswahili kilimwachia neno moja.

"Shikamoo, mzee," ikasema simu.

"Haya."

"Je, huyu mama anayekutunza amewahi kukuumiza?"

"Haya."

"Je, wewe umewahi kumlazimisha jambo lolote asilolitaka?"

"Haya," alisema Mzee kwa adabu kubwa.

Mama wa kaunti akaandika, akasita. "Muulize leo ni siku gani."

"Haya."

Akaiweka kalamu chini.

Lakini Kirezi hakuwa akimsikiliza Mzee. Alikuwa akisikiliza simu.  Sauti ile ilikuwa na mluzi mdogo wa puani. Kabla ya neno gumu ilibofya ulimi, tsk, kama mtu anayemwita paka.

Msomaji, wiki tatu nzima Kirezi alikuwa amezikata bofyo zile moja moja kwenye sauti ya filamu. Griffins ndiye aliyesoma maneno ya msimulizi wa filamu, akiwa amefungiwa kwenye kabati la makoti ili mwangwi usiingie. Kirezi alikaa naye humo, goti kwa goti. Uso wa Griffins ungeweza kumpotea sokoni. Pumzi yake, kamwe.

Aliyeandika lile kosa ndiye aliyeletwa kulipima.

"Sasa mama," simu iliendelea, "eleza uhusiano wako na Mzee Bernard."

"Natumika na ye," alisema Merveille kwa furaha ya mtu aliyepata mtihani rahisi.

Tsk. Kisha Kiingereza. Kirezi hakuelewa yote, ila neno moja alilielewa, used, kwa sababu liko kwenye bango la kila yadi ya magari yaliyotumika. Kalamu ya mama wa kaunti ikaanza kukimbia.

"Unalala wapi?"

"Nalala na ye."

Tsk. Kalamu ikakimbia zaidi. Careen akashika ukingo wa meza.

"Griffins," alisema Kirezi.

Kalamu ya mama wa kaunti ikasimama.

"Griffins, ni mimi, Kirezi wa maiki. Kutumika si kile unachosema. Kutumika ni..."

Mama wa kaunti akainua kiganja. Hakukasirika, ila kiganja kilikuwa kiganja. "Anasema nini huyu?" aliiuliza simu.

 Ulisikika ule mluzi wa puani, ndani, nje, ndani.

"Mkalimani hana jina," hatimaye ilisema, kwa Kiswahili, taratibu sana. "Mkalimani ana namba." Halafu ikageukia Kiingereza, ikaomba ruhusa ya kuuliza ufafanuzi. Ikaruhusiwa. "Mama Merveille. Unaposema kutumika, unamaanisha nini?"

Kirezi akashusha pumzi. Neno moja tu lilihitajika, neno ambalo kila Mswahili duniani analo, Mkongo na Mkenya na Mtanzania. Lilikuwa kazi. Aseme kazi, waende nyumbani.

Merveille alifikiri.

"Kutumika ni kutumika," alisema. "Kuko kutumika gani ingine?"

Kirezi alishindwa kuvumilia. Nyuma ya bega la mama wa kaunti akaanza kufagia hewa. Akafua nguo zisizokuwepo. Akalisha kijiko kisichokuwepo mdomo usiokuwepo. Merveille akamtazama kwa huruma, kama anayetazama mtu aliyepandwa na homa.

Mama wa kaunti aligeuka.

"Tafadhali," alisema, "nisubirie nje."

*

Korido ilinuka vitunguu vya jirani. Kirezi aliweka sikio mlangoni. Alisikia mashine ya joto ikipuliza, basi. Akakaa juu ya mfuko wa nguo wa Merveille na kuhesabu maua ya zulia, akapotea, akaanza tena.

Aliyajua mambo ya kungoja. Kambini alingoja miaka kumi na mmoja karatasi yenye mhuri. Lakini kule walingoja watu wengi pamoja, wakisukana nywele.

Zilipita dakika ishirini na tano. Mlango ukafunguliwa, Careen akatoka. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye anacheka.

"Amesema," alimkumbatia. "Griffins amesema yote. Amesema anatujua. Amesema ni yeye aliyeandika kwenye filamu, na kwamba alikosea kule na amekosea leo tena. Amesema kutumika kwa Wakongo ni kazi. Ameomba radhi mpaka sauti ikakatika."

Merveille alikuwa ameshatoka nyuma yake. "Kumbe ni ile tu ilikuwa inabasumbua?" alisema. "Kutumika? Bon. Tungeanzia pale." Akakamata mfuko wa kwanza.

Kisha mama wa kaunti akatokea mlangoni, akiwa ameshavaa buti zake.

"Mwambie auache mfuko," alimwambia Careen.

Careen akauliza kwa nini. Mama akaeleza, na kila alichoeleza kilikuwa cha haki, ndiyo maana hakuna aliyepata pa kumshika. Mkalimani anayewajua wahusika haruhusiwi kutafsiri. Huyu amekiri kwamba anawajua. Kwa hiyo mahojiano yote ya leo ni batili, tangu shikamoo. Hata kule kukiri kwake hakuhesabiki, maana ni maneno ya mkalimani, si ya Merveille. Lazima wahojiwe upya na mkalimani mwingine, tena wa Kiswahili cha Kongo. Wa namna hiyo yuko mmoja. Nafasi yake ya karibu ni Alhamisi ya wiki ijayo.

"Lakini wewe mwenyewe umeelewa," Careen alisema. "Unaamini kwamba hakuna kilichotokea?"

"Ninaamini," alisema yule mama. "Ila kuamini kwangu hakufungi faili."

"Na mpaka Alhamisi?"

"Mpaka Alhamisi asimguse mzee, asiseme naye, asiwe naye chumba kimoja. Samahani sana."

Alikuwa na samahani kweli. Ilionekana machoni. Haikusaidia kitu.

"Na Griffins?" aliuliza Kirezi.

Careen akatazama chini. "Laini ilikatika katikati ya radhi. Si yeye aliyeikata, ni kampuni yake."

Kirezi akamtafsiria Merveille, neno kwa neno, bila kuruka hata moja. Merveille alisikiliza, mfuko bado mkononi. Hakuuliza habari ya kitanda. Hakuuliza atalala wapi.

"Kufika Alhamisi," alisema, "Muzee atakula nini?"

*

Saa tisa kamili gari lilikuja. Lilikuwa na ngazi ya kushushia viti vya magurudumu, na wanaume wawili waliovaa glavu, wenye haraka na tabasamu.

Merveille alisimamishwa mwisho wa korido, penye mlango wa ngazi za dharura, hatua kumi na tano kutoka mlango wake mwenyewe. Kirezi alisimama naye. Kutoka pale walisikia wanaume wakimvalisha Mzee koti, na Mzee akiitikia haya, haya, haya, kila safari kwa sauti ya chini zaidi.

"Banamuvalisha mukono wa kushoto kwanza," Merveille alisema. "Ule wa kuume ndiyo mugonjwa, ndiyo bangeanza nayo. Banamuumiza."

"Nikawaambie?"

"Acha. Ngoja." Alimshika Kirezi kiwiko. "Kuko kitu kubwa kupita ile. Tangu juzi Jumatatu mayi inamupalia. Anakunywa, mayi inaenda kwa mapafu. Munganga ya hospitali alinipatia unga ya kukaza mayi, ikuwe nzito, natia mu kila kitu, mu mayi, mu chai. Careen alikuwa safari, hajue. Alirudi na ile simu mu mukono, sikupata nafasi."

"Mwambie sasa hivi. Akitoka tu mlangoni."

"Nitamuambia."

Mmoja wa wale wanaume akachungulia koridoni. Akasema mlango wa chini unasukumwa na upepo, kuna mtu anaweza kwenda kuushikilia? Akamtazama Kirezi, maana ndiye aliyeonekana hana shughuli.

Kirezi akashuka ngazi mbili mbili. Aliushikilia mlango kwa mgongo. Nje theluji ya mwisho ilikuwa imekuwa tope, na upepo ulikuwa na meno. Alingoja lifti.

Lifti ikafunguka. Mzee Bernard akasukumwa nje, amefungwa blanketi mpaka kidevuni. Juu ya blanketi, kwa pini, Careen alikuwa amebandika karatasi iliyojaa maandishi, herufi kubwa kubwa za Kiingereza. Kirezi aliona jina la Mzee. Mengine yalimpita, kiti hakikusimama.

Mzee alipomfikia alimtazama, halafu akatazama nyuma yake, kama anayetafuta mtu.

"Haya?" aliuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza Kirezi kuisikia na swali ndani yake.  Ngazi ya gari ikapanda, milango ikafungwa, gari likaingia barabarani likapotea nyuma ya duka la matairi.

Careen alitoka akifunga zipu ya koti lake, funguo mkononi.

"Nawafuata na gari langu. Nikusanye tu karatasi zake za bima." Alisimama, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Angalau nimefanya jambo moja sawasawa leo. Yote aliyoyasema Merveille nimeyaandika. Kila neno, Kirezi. Sikubahatisha hata moja. Nilimwambia rudia, akarudia, mpaka lifti ikafunga."

"Amekwambia habari ya maji?"

"Ndiyo. Nimeiweka juu kabisa na mistari miwili chini yake."

Kirezi akaachia mlango. Upepo ukaupiga. "Alhamdu... afadhali," alisema, na moyo ukamrudi mahali pake. Kisha, sijui ni nini, labda ni ile kazi ya kusikiliza, akauliza, "Alisemaje? Kwa maneno yake."

"Alikuwa mbali, ilibidi apaze sauti." Careen akaigiza, kwa uangalifu, kama mtoto wa shule ya Jumapili. "Uji laini. Kijiko kidogo. Basi, mumpe maji."

Kirezi akamshika Careen mkono wa koti.

"Nini?" Careen akauliza.

"Sema tena. Lile la maji. Alivyotamka yeye."

"Basi mupe mayi. Basi-mupe mayi." Careen akatabasamu kidogo. "Yes? Basi, mumpe maji. Nimeandika wampe maji mara tu akifika."

"Dada Careen." Kirezi aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka mbali. "Wao husema ba pale ninyi mnaposema wa. Hakusema basi. Amesema ba-si-mu-pe. Wasimpe."

Funguo zikaanguka kwenye tope.

"Una namba ya dereva?"

"Nina ya ofisi." Careen alikuwa ameshabonyeza, akaweka sauti ya nje. Simu ikaita, ikaita. Ilipopokelewa ilikuwa mashine, ikamshukuru kwa kupiga na kumwambia simu yake ni muhimu. Kinanda cha kungojea kikaanza kupigwa.

"Piga huko anakokwenda."

"Sina namba yao, iko kwenye karatasi. Karatasi ziko juu." Careen aliuvuta mlango. Ulikuwa umejifunga. Akaanza kupekua tope kwa mikono miwili kutafuta funguo, na kinanda kikiendelea kulia mfukoni mwake.

Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Merveille alikuwa ameshuka kwa ngazi za dharura, mifuko yake miwili begani, sasa amevaa viatu. Uso wake ulikuwa umetulia. Tangu asubuhi Kirezi hakuwa ameuona hivyo.

"Nilimuambia yote, na aliandika," alisema. "Sasa moyo yangu inapoa. Ni mbali, kule banamupeleka?"

"Dakika kumi na tano," Careen alisema bila kuinua kichwa.

Merveille aliitazama barabara.

"Atafika na kiu," alisema. "Akipandaka motokari, anasikiaka kiu mubaya sana."